Lebo za Uji wa Muhogo

Mwanangu Skolastika,

Sikuandikii hujambo, maana nimekuona mchana huu ukitoka hapa na khanga yangu mabegani, unakwenda kuaga kwa shangazi yako. Kabla hujarudi nataka barua hii iwe imekwisha. Nitaiweka juu ya mkate na mayai ya safari. Nakujua wewe, kesho, treni haijauacha hata mji wa Mpanda, wewe utakuwa umeshafungua chakula, kwa hiyo utaisoma mapema. Na utaisoma mahali ambapo huwezi kunijibu. Mdomo wako naujua, umeutoa kwangu.

Mambo ya kufunga mlango, kutokopesha nguo na kwenda misa sikuandikii. Hayo nimekuimbia miaka kumi na minane, kama hayajaingia basi tena. Nataka kuzungumza na wewe juu ya neno moja ulilolisema jana.

Tulikuwa tunakunja mashuka. Nikakuuliza, "Hebu nieleze tena hiyo kazi ya huko boharini Dar." Ukasema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Maboksi makubwa ya dawa yanatoka melini, sisi tunayafungua, tunagawa kwenye maboksi madogo ya mikoani, tunabandika lebo. Vidonge, dawa za sindano, mpaka za kansa zimo. Ni kubandika karatasi tu." Nikakuachia shuka mkononi nikatoka nje. Nikasikia unamwambia baba yako, "Mama analia kwa sababu naondoka."

Thubutu! Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, na kama nisingetoka ningekuzaba kofi. Kofi nilishakupiga moja siku za nyuma bila kosa lako, nisingependa liwe mawili.

Watu wa hapa Kashaulili wananiita Mama Lebo. Hata wewe umenitania kwa jina hilo, ulipokuwa kidato cha pili, siku niliporudisha dukani chupa ya mafuta ya kula kwa sababu haikuandikwa kitu. Hukuwahi kuuliza jina lilianzia wapi. Nami nilishukuru hukuuliza. Leo nakueleza.

Ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa nesi msaidizi kwenye ile hospitali yetu ndogo ya misheni, na ufunguo wa stoo ya dawa nilikuwa naufunga kwenye pindo la khanga. Nisikufiche, nilikuwa naringa nao. Nikipita wodini ufunguo unalia, watu wanajua mwenye dawa anapita.

Kambi ya Katumba wakati huo ilikuwa changa. Watu waliokimbia kutoka Burundi walikuwa wanakata miti na kupanda mahindi katikati ya visiki. Siku moja akaja mama mmoja wa huko, amembeba binti yake mgongoni, mtoto wa miaka saba hivi, anaitwa Yudita. Taya la kushoto limevimba mpaka meno yamehama, mdomo haufungi, mate yanamtoka. Sista Daktari, yule mzungu aliyekuwa mkuu wa matibabu, alimpima akasema ni kansa ya taya, inawapata watoto, na dawa yake ipo. Akaandika barua. Tukangoja. Dawa ikaja kwa treni.

Nakumbuka lilivyokuwa lile boksi. Dogo, jeupe, la karatasi ngumu, kifuniko chake kinaingia vizuri kabisa. Ndani vichupa vinne, kila kimoja kwenye kitundu chake. Kifuniko cha mpira, kimebanwa na bati. Ndani ya kichupa unga mweupe, ambao unauchanganya na maji ya sindano ndipo unachoma. Na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Sista Daktari alinisomea na kunitafsiria: zisikae kwenye joto, na zisitoke kwenye boksi lake mpaka siku ya kuchoma. "Ndani ya boksi lake," akarudia, akagonga boksi kwa kidole. Nikaitikia, "Ndiyo, Sista."

Sindano ya kwanza Yudita alitapika kutwa nzima. Siku ya nne uvimbe ukaanza kunywea. Haki ya Mungu, Skola, nimefanya kazi ya hospitali miaka mingi na sijaona kitu kama kile. Kila asubuhi uso unarudi kidogo. Baada ya siku kumi mtoto alifunga mdomo, akala ugali, mama yake akacheza pale wodini mpaka wagonjwa wakampigia makofi. Sindano ya pili akatapika tena, na mama yake ameshika beseni anacheka. "Inafanya kazi," ananiambia. "Ona, inafanya kazi."

Vikabaki vichupa viwili.

Sasa wewe, siku zile, ulikuwa unalilia kiboksi cha kalamu. Wenzako walikuwa navyo. Na mimi stoo nina boksi zuri, gumu, nusu tupu. Tena ilikuwa mwezi wa kumi, unajua joto la hapa mwezi wa kumi, na friji ya mafuta ya taa imejaa chanjo. Sisi tulikuwa na namna yetu ya dawa za sindano: chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji, vichupa unavisimamisha humo mpaka shingoni. Vilikaa baridi kweli. Kila nesi aliyepita pale alifundishwa chungu kile na aliyemtangulia. Nikavitoa vile viwili kwenye boksi, nikavisimamisha mchangani pamoja na vichupa vitano vya penisilini. Penisilini yetu nayo ilikuwa unga mweupe, kichupa cha ukubwa ule ule, mpira ule ule. Nikasema, si kila kimoja kina lebo yake? Wasiwasi wa nini?

Boksi nikakuletea. Uliruka! Nikachukua kalamu ya wino nikakuandikia kwa herufi kubwa: SKOLASTIKA, DARASA LA SITA. Mahali penyewe nilipoandika palikuwa na jina la dawa. Niliandika juu yake.

Siku ya sindano ya tatu nikatia mkono mchangani, kichupa kikatoka uchi, hakina karatasi ya lebo. Nikatoa cha pili, hakina. Cha tatu, hakina. Maji yalikuwa yameyeyusha gundi. Lebo zote saba zimebaki chini kwenye mchanga, nyingine zimekunjamana, na mimi nina vichupa saba uchi mezani, siwezi kujua kipi ni kipi.

Hapo ndipo, mwanangu. Chungu kile sikijutii sana, kilikuwa ujinga wetu sote. Ninachokijutia ni nusu saa iliyofuata. Sista Daktari alikuwa chumba cha pili. Ningekwenda kusema "Sijui", basi. Angefoka, angevitupa vyote, angeagiza vingine, na mtoto angengoja kidogo. Lakini niseme sijui, mimi mwenye ufunguo? Mimi niliyekuwa nawacheka wenzangu wakikosea kusoma majina ya dawa?

Nikaja nyumbani hapa hapa, jikoni hapa. Nikapika uji mzito wa muhogo, ule tuliokuwa tunabandikia majalada ya madaftari yenu. Nikaubeba kwenye kikombe, nimeufunika kwa sahani. Nikavipanga vichupa, nikavitazama, nikajiambia hivi viwili bati lake linang'aa zaidi, ndivyo vyenyewe. Nikabandika zote saba. Zilikaa vizuri sana. Ungeziona ungesema zimetoka nazo kiwandani. Nikaosha kikombe.

Yudita akachomwa. Jioni mama yake akanifuata, kabeba lile beseni, tupu.

"Mama nesi, mara hii mtoto hakutapika."

"Shukuru Mungu. Mwili umezoea."

"Haujazoea. Dawa sio ile."

Nikageuka. Wodi nzima inatazama. Skola, sikia nilivyomjibu, maana nimekaa na jibu hili miaka mitano na sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nilimwuliza, "Wewe mama, unajua kusoma?"

Akasema hajui.

"Basi lebo inasema ni ile ile. Kalale."

Akaondoka na beseni lake. Na wiki hiyo hiyo, kitanda cha karibu na mlango, kulikuwa na mzee wa kichomi tuliyekuwa tunamchoma penisilini. Mzee alitapika kutwa nzima mpaka akaishiwa nguvu. Tukasema ni malaria, tukampa klorokwini. Nilimpangusia kinywa mimi mwenyewe, sikuona kitu. Bahati yake alipona akarudi kwao.

Siku ya sita uvimbe ukaanza kurudi. Siku ya tisa mdomo haukufunga tena.  Mama yake alikuwa ananitazama tu nikipita, na ufunguo wangu ule pindoni nikaanza kuuficha.

Nikaenda kwa Sista Daktari nikamwambia yote, mchanga, lebo, uji.  Alivitupa vichupa vyote vilivyobaki, akaandika barua siku ile ile kuomba boksi jingine. Sikupigwa, sikutukanwa. Afadhali angenitukana.

Aliyeniandama ni msimamizi wa hospitali. Yule bwana alikuwa na sauti ya upole, ya mtu anayekuuzia kitu kibovu. Aliniita ofisini, kanikalisha, kanisogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Imeandikwa kwamba mtoto aliletwa ugonjwa umeshakomaa, dawa ikashindwa. Chini pameachwa nafasi ya saini yangu.

"Mama Skola, weka jina hapa, mambo yaishe."

"Dawa haikushindwa. Nimemkosesha mimi."

"Unataka kuichafua hospitali kwa ajili ya mtu wa kambini? Hata huyo mama hajui kilichotokea."

"Anajua. Alijua kabla yangu."

"Nani atamsikiliza?"

Ebo! Nikasimama.  Nikamwambia, "Bwana, nimeshabandika lebo ya uongo mara moja. Hii ya pili sibandiki. Bandika wewe, weka na jina lako."

Nikatoka nikaenda moja kwa moja wodini, nikakaa chini sakafuni karibu na mkeka wa Mama Yudita, nikamweleza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nikarudia mara tatu ili asibaki na shaka. Nikamwambia dawa ilikuwa nzuri, mtoto wake alikuwa anapona, mkosaji ni mimi. Alisikiliza yote. Halafu akasema neno moja.

"Nilikwambia."

Akageukia upande wa mtoto.

Yudita alikufa boksi jipya likiwa bado njiani. Walimzika Katumba. Nilikwenda. Baba yako alinikataza, watu wa kazini wakaniambia watakupiga mawe huko, nikasema wakipiga watakuwa na haki. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenipa kigoda pia. Nilikaa kwenye udongo mpaka mwisho, nikarudi. Unaikumbuka siku hiyo wewe? Ulinikuta uani. Ulikuwa unarudi shule, umekumbatia kile kiboksi cha kalamu, jina lako limeandikwa juu. Nilikunyang'anya, kalamu zikamwagika, ukashika mkono wangu, nikakuzaba kofi. Ulilia mpaka ukalala. Hujawahi kuambiwa kwa nini. Nisamehe, mwanangu. Halikuwa kofi lako.

Siku nne baada ya mazishi treni ikaleta dawa. Na Mama Yudita akaja hospitali, kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Kasikia dawa imefika, anataka aione. Msimamizi alikuwa ameshanitoa stoo, ufunguo kapewa mwingine, tena amri imetoka mtu wa nje asiingizwe. Nikamwomba mwenzangu ufunguo. Akasita. Nikamwambia, "Nipe, au nivunje mlango, chagua." Akanipa.

Nikamwingiza yule mama stoo mchana kweupe, kila mtu anaona. Nikafungua boksi, nikamwekea kichupa kiganjani. Akakigeuza. Akakaza macho kwenye ile karatasi ndogo iliyokizunguka.

"Jina lake limeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, na kidole kikaliziba lote.

"Dogo hivi?" akasema.

 Akakirudisha mwenyewe kwenye kitundu chake, akafunga kifuniko, akaondoka.

Kwa hilo la stoo na kwa kutosaini, nilipelekwa kufua. Miaka miwili, Skola. Mashuka yenye damu, yenye usaha, mikono yangu wewe ulikuwa unaipaka mafuta ya mawese jioni ukiniuliza kwa nini siombi kazi kwingine. Walidhani nitaacha. Wee! Nilifua. Kila asubuhi nilipita mbele ya dirisha la msimamizi na beseni kichwani, naimba, ili ajue nipo. Na kila nilipopita stoo nilichungulia, nikiona kichupa nje ya boksi lake napiga kelele mpaka watu wanatoka. Ndio wakaanza, "Mama Lebo huyo kaja." Waseme. Jina nimelichuma mwenyewe.

Kile chungu nilikivunja. Usiku? Hapana, saa nne asubuhi, mbele ya manesi wote, kwa mwiko wa kukorogea sabuni. Wakaniambia mali ya hospitali ile. Nikawaambia basi nishtakini. Hadi leo hawajanishtaki. Sista Daktari alipokuwa anarudi kwao alinirudishia ufunguo, akamwambia msimamizi kwamba wilaya nzima hii hakuna mtu anayekiogopa kichupa kama mimi. Na ni kweli, nakiogopa. Mwaka jana alikuja daktari kijana kutoka chuoni, ana haraka, anataka nimpe kichupa ambacho lebo imechanika nusu. Ananiambia, "Mama, naona kabisa ni penisilini." Nikakitumbukiza chooni mbele yake. Alinuna wiki nzima. Anune.

Sikuelezi haya ili uogope. Uoga wa kutetemeka haufai, mtu anayetetemeka ndiye anayekwenda kupika uji. Huko boharini utakaa kwenye meza na wasichana wenzako, mtapiga soga, mikono inakwenda yenyewe, na itafika saa tisa alasiri mna usingizi, na kiongozi anataka maboksi yaishe. Kuna siku lebo itabaki mkononi na hujui ilikuwa ya kichupa kipi. Siku hiyo itafika, nakuambia, hata uwe hodari vipi. Sema sijui. Simamisha meza nzima. Wakikusonya, wakusonye. Wakikupeleka kufua, kafue, mimi mama yako nitakufundisha namna ya kufua shuka la damu bila kuchubuka.

Na atakuja mtu hajui kusoma, atakuambia kitu. Msikilize huyo.

Chini kabisa ya mzigo wako, ndani ya ile sweta ya kijani, nimekuwekea kiboksi. Ndicho kile. Nilikificha miaka yote chini ya sanduku langu. Jina lako bado lipo, wino wangu ulikuwa mzuri. Ukikitazama kwenye mwanga utaona jina la dawa chini ya lako. Ninachotaka ni uwe nacho mezani kwako, usitie kalamu.

Sasa neno la mwisho, ndio maana nataka usome mapema. Kutoka Mpanda sio mbali, treni itasimama Katumba. Sikukwambia, lakini wiki iliyopita nilimpelekea Mama Yudita habari kwamba binti yangu anakwenda Dar kufanya kazi ya kubandika lebo za dawa. Sio rafiki yangu. Hajanisamehe na sijamwomba. Lakini alijibu. Amesema atakuja stesheni, anataka akuone uso.

Ni mwanamke mrefu, ana alama ya moto kwenye mkono wa kulia. Usijifiche ndani. Simama dirishani, msalimie kwa heshima, umpe mkono. Atakuuliza kazi gani unakwenda kufanya.

Mjibu wewe. Mtazame machoni, halafu, kama utaweza, mwambie ni kubandika karatasi tu.

Mama yako.